Simu Huvunjika Kabla ya Kuanguka

Kioo cha simu kinapopasuka, lawama zote huangukia sekunde moja: mkono ulioteleza, mtoto aliyevuta waya wa chaji, mfuko wa shati uliomwaga kilichomo mwenyewe alipoinama. Sekunde hiyo kweli ni fupi. Simu inayodondoka kutoka urefu wa mita moja hufika chini kabla nusu sekunde haijatimia, ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa, na ni nadra mkono kuwahi kuidaka. Hapo ndipo watu hujifariji kwa kusema ajali haina kinga, wakaenda kwa fundi, wakalipa, wakasubiri ajali nyingine. Makala haya yanashikilia kauli nyingine. Simu nyingi hufika kwenye anguko lao la mwisho zikiwa zimeshadhoofika kwa miezi mingi, zikiliwa kidogo kidogo na vumbi, joto, chumvi na mitikisiko, na sakafu humalizia tu kazi ambayo vitu hivyo vimeifanya kimyakimya. Anayelielewa hilo atailinda simu yake kwa njia tofauti na anayeihofia sakafu peke yake.

Tuanze na kioo, kwa kuwa ndicho kinachopasuka mara nyingi zaidi. Kioo cha simu janja hakitengenezwi kama cha dirisha. iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, kampuni ya Corning ya jimbo la New York, Marekani, iliitengenezea kioo katika kiwanda chake cha Harrodsburg, Kentucky, kwa kufufua ujuzi ilioutafiti tangu miaka ya 1960. Siri yake ni chumvi. Kioo kikishakatwa hutumbukizwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi. Humo, ayoni ndogo za sodiamu hutoka kwenye uso wa kioo na nafasi zake huchukuliwa na ayoni za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi. Kioo kinapopoa, ayoni hizo hubanana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, na kubanana huko ndiko kunakoupa uso wa kioo uimara wake: ufa hauwezi kufunguka mpaka nguvu ya kutoka nje iushinde kwanza mkandamizo huo. Kampuni nyingine zina mbinu zinazofanana na hii, na siku hizi hata simu nyingi za bei ya chini hutumia kioo kilichoimarishwa kwa namna hiyo.

Tatizo ni kwamba ulinzi huo wote umo katika tabaka jembamba la juu, sehemu ndogo tu ya milimita. Chini ya tabaka hilo, katikati ya kioo, hali ni kinyume: huko kioo kimevutika, na palipovutika ndipo ufa unapopenda kukimbia. Mwaka 1921 mhandisi wa Uingereza, A. A. Griffith, alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko ile ambayo maada yake ingepaswa kuihimili. Alionyesha kwamba kioo kina mipasuko midogo isiyoonekana kwa macho, na kwamba nguvu inayokipiga hukusanyika kwenye ncha ya mpasuko, haitawanyiki sawasawa juu ya uso wote. Mpasuko ukizidi kina fulani, hukimbia wenyewe. Maana yake kwa mwenye simu ni rahisi: kila mkwaruzo ni ufa uliokwisha kuanza. Simu mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, zikiangushwa mahali pamoja, moja inaweza kuokotwa nzima na nyingine ikapasuka kutoka kona hadi kona. Mwenye ile ya pili huona amekosa bahati tu. Mara nyingi tofauti ilishaingia mfukoni zamani.

Na kinachokwaruza si kile kinachoshukiwa. Watu hutenganisha simu na funguo, na si vibaya, lakini chuma cha funguo na sarafu kwa kawaida ni laini kuliko kioo cha simu. Katika kipimo cha ugumu alichobuni Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanza na 1 kwa talki na kuishia na 10 kwa almasi, vioo vingi vya simu huanza kupata alama kwenye ngazi ya 6 na michirizi yenye kina zaidi kwenye ya 7. Ngazi ya 7 ndiyo ya kwatzi, madini yaliyojaa katika mchanga wa kawaida: mchanga wa mtoni unaojengewa nyumba na vumbi la barabara isiyo na lami. (Mchanga mweupe wa fukwe za Zanzibar, ambao kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, ni laini zaidi, ubaya wake kwa simu unatoka kwenye chumvi.) Chembe moja ya kwatzi katika mfuko wa suruali, ikisuguliwa kati ya kitambaa na kioo kila mtu anapotembea na kuketi, inatosha kuchora mstari ambao utaonekana tu simu ikiinamishwa kwenye mwanga. Ukung'ute mfuko, uifute simu kwa kitambaa laini badala ya kuisugua kwenye suruali, usiiweke kifudifudi juu ya saruji au kaunta yenye vumbi. Tabia hizi ndogo zina faida kubwa kuliko nusu ya bidhaa zinazouzwa kwa jina la ulinzi wa simu.

Hapa wapo watakaosema kwamba vioo vya sasa ni imara mno kuhangaikiwa namna hii. Ni kweli vimeboreshwa sana. Mwaka 2022 Corning ilitangaza kioo ambacho kwa majaribio yake kinaweza kustahimili kuanguka kutoka mita moja juu ya uso unaofanana na zege. Lakini majaribio ya maabara hufanywa kwa kioo kipya, na uhimili wa kuanguka ni jambo tofauti na uhimili wa kukwaruzwa. Ni vigumu kuviongeza vyote viwili kwa pamoja, na watengenezaji hulazimika kuchagua wapi waweke uzito. Kwatzi nayo inabaki na ugumu ule ule iliokuwa nao kabla simu hazijabuniwa. Kioo bora zaidi duniani huanza kupungua thamani siku kinapokutana na vumbi, kwa hiyo ubora wa kioo ni sababu ya kukitunza.

Sasa anguko lenyewe. Simu yenye uzito wa gramu 200 ikianguka kutoka mita moja hufika chini na nishati ya jouli 2 hivi, kiasi kidogo sana. Kinachoamua uharibifu ni umbali ambao simu inapata wa kusimamia. Kwa hesabu rahisi, ikisimama ndani ya sehemu mbili za kumi za milimita, kama chuma kinapogonga saruji, nguvu ya wastani inayoipiga ni sawa na uzito wa kilo 1,000. Ikipewa milimita 2 za kitu kinachobonyea, nguvu hiyo hushuka hadi uzito wa kilo 100. Hiyo ndiyo kazi yote ya kava, na ndiyo inayotenganisha kava la kweli na pambo. Kava gumu lisilobonyea, hata likiwa zuri namna gani, huipitisha nguvu karibu yote kwenye fremu. Kava la plastiki laini, lile linalopindika mkononi kama mpira, hasa likiwa limeongezwa unene au mifuko ya hewa kwenye pembe nne, huipunguza. Pembe ndizo muhimu zaidi, kwani simu inapotua kwa pembe nguvu yote huingia kwenye eneo dogo na kuelekea ukingoni mwa kioo, mahali kilipo dhaifu. Jambo la pili la kuangalia ni kingo zilizoinuka kuzunguka kioo na kamera, ili simu ikianguka kifudifudi kwenye sakafu bapa, kioo kisiiguse. Juu ya kokoto kingo hizo hazisaidii sana. Jiwe lenye ncha litapita katikati na kukigonga kioo chenyewe.

Maneno yanayochapishwa kwenye maboksi yasomwe kwa uangalifu. Kava nyingi hujisifu kwa kiwango cha kijeshi cha Marekani, MIL-STD-810. Kipimo chake maarufu cha kuanguka ni mara 26 kutoka urefu wa mita 1.22, juu ya ubao wa plaiwudi uliowekwa kwenye zege. Plaiwudi ni laini kuliko barabara, majaribio yanaruhusiwa kugawanywa kwa bidhaa hadi tano za aina moja, na jeshi halimpi muuza kava cheti chochote. Anayeandika ni mtengenezaji mwenyewe. Protekta za kioo nazo huandikwa 9H, na mnunuzi hudhani ni ngazi ya 9 ya Mohs, karibu na almasi. Hiyo 9H ni ngazi ya kipimo cha penseli: maana yake ni kwamba penseli ngumu ya daraja hilo haikuikwaruza. Mchanga utaikwaruza bila shida.

Hata hivyo protekta inafaa, na sababu yake hurudi kwenye hoja ileile. Kipande cha kioo chenye unene wa takriban milimita 0.3 hakiwezi kuahidi kuiokoa simu na kila anguko. Kinachoweza kufanya vizuri ni kupokea mikwaruzo ya kila siku kwa niaba ya kioo cha asili, ili siku ya anguko kioo hicho kiwe bado na tabaka lake zima. Protekta iliyojaa michirizi imefanya kazi yake na inapaswa kubadilishwa. Kuiacha miezi sita ikiwa imepasuka ni kujinyima sehemu ya kinga uliyoilipia. Ibandikwe mahali pasipo vumbi, kwa sababu chembe ikinaswa chini yake itakuwa inakibonyeza kioo kwenye nukta moja kila simu inapokandamizwa. Protekta za gundi ya maji, zinazokaushwa kwa taa ya bluu, zinahitaji fundi makini, maana gundi hiyo ikimwagika huingia kwenye matundu ya spika na vitufe. Kava nalo livuliwe mara kwa mara na kupanguswa ndani. Mchanga ulionaswa kati ya kava na simu hukwaruza mgongo na vioo vya kamera siku nzima bila mtu kuona.

Maji yana mantiki hiyo hiyo ya kuchakaza polepole, na hapa matangazo yamewapotosha watu zaidi. Alama ya IP68 ina tarakimu mbili: 6 kwa vumbi, 8 kwa maji. Kiwango cha 7 kwa maji ni kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Cha 8 ni kuzidi hapo, kwa kina na muda vinavyotajwa na mtengenezaji. Vipimo hivi hufanywa maabara, kwa maji baridi yaliyotulia na simu mpya. Maji ya bahari, sabuni na mvuke ni habari nyingine. Juni 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung ya nchini humo faini ya dola milioni 14 za Australia kwa matangazo yaliyoonyesha simu za Galaxy zikitumiwa baharini na kwenye mabwawa ya kuogelea, ilhali matundu ya chaji yangeweza kuliwa na kutu simu ikichajiwa kabla haijakauka. Miaka miwili kabla, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple euro milioni 10 kwa madai yake kuhusu kustahimili maji. Kinachozuia maji ndani ya simu ni vipande vyembamba vya mpira na gundi, ambavyo huchakaa kwa joto, kwa mapigo na kwa kufunguliwa. Apple yenyewe hueleza kwamba uwezo huo si wa kudumu. Kwa mkazi wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambaye hewa anayovuta ina chumvi, simu ya mwaka wa tatu isihesabiwe kuwa inazuia maji, hata sanduku lake liseme nini.

Ikiingia maji, adui mkubwa ni umeme unaoendelea kupita. Maji yenye chumvi yakikutana na umeme huanza kula shaba na dhahabu nyembamba za ndani papo hapo, kwa hiyo la kwanza ni kuizima, kisha kuifuta na kuiacha tundu la chaji likielekea chini mahali penye upepo, bila kuichaji mpaka ikauke kabisa. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii. Mwaka 2024 Apple ilitoa maelezo ya kuukataza mchele, kwa sababu vipande vyake vidogo vinaweza kuingia ndani na kuidhuru.

Joto huiharibu simu kutoka ndani. Betri ya lithiamu inayoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, au kuchajiwa chini ya mto, huchakaa haraka na inaweza kuvimba. Betri iliyovimba huusukuma uso wa simu kutoka chini. Kioo hunyanyuka upande mmoja, gundi ya kuzuia maji huachia, na kioo chenyewe hubaki kimepindwa kikisubiri kugongwa. Mwenye simu akiona mwanga ukipenya ukingoni, aache kuichaji na aipeleke kwa fundi, wala asijaribu kuikandamiza irudi, kwa kuwa betri iliyotobolewa huwaka moto. Wapo wanaolikataa kava kwa sababu ya joto hili, na hoja yao ina ukweli: kava nene huzuia joto kutoka. Dawa yake ni kulivua wakati wa kuchaji simu inapochemka, na kulirudisha kabla ya kutoka nyumbani.

Waendesha bodaboda wana hatari yao ya pekee, na haisemwi vya kutosha. Septemba 2021 Apple ilionya kwamba mitetemo ya injini za pikipiki kubwa, ikipita kwenye usukani hadi kwenye simu, inaweza kuharibu mfumo unaotuliza picha ndani ya kamera, na hata kwa pikipiki ndogo ikashauri kutumia kishikio chenye mpira wa kumeza mitetemo. Dereva wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hufunga simu kwenye usukani kutwa nzima akifuata ramani ya abiria, juani na kwenye vumbi, huku ikichaji. Yote tuliyoyataja humkuta kwa pamoja, na simu hiyo ndiyo kazi yake.

Pingamizi la mwisho ni la fedha: kwa nini kuhangaika, wakati mafundi wapo na vioo vipo? Mafundi wa Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi wana ustadi wa kuheshimiwa. Lakini katika simu nyingi za sasa kioo, tachi na kioneshi vimegundishwa pamoja kuwa kitu kimoja, hivyo ufa wa juu tu mara nyingi humaanisha kubadilisha vyote. Kipuri kisicho cha asili huweza kuwa na rangi hafifu na kula betri zaidi. Simu ikishafunguliwa, kinga yake dhidi ya maji haiwi tena ile ya kiwandani isipokuwa fundi aweke mpira na gundi mpya, jambo ambalo wengi hawaliulizi. Aliyeichukua simu kwa mkopo huendelea kulipa rejesho la simu ambayo hawezi kuitumia. Na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, simu iliyozimika ni pochi iliyofungwa, duka lililofungwa pia kwa mfanyabiashara mdogo. Kava la kawaida na protekta vikijumlishwa ni sehemu ndogo ya gharama ya kioo kimoja, bado hatujahesabu siku ya kazi iliyopotea.

Anayenunua simu iliyokwisha kutumika, kama wengi wanaonunua zile zinazopitia Dubai, hununua na historia yake. Aiinamishe kwenye mwanga mkali atafute michirizi, hasa kando kando. Apitishe kucha kwenye ukingo wote aone kama kioo kimenyanyuka. Achomeke chaja na kuutikisa waya taratibu aone kama tundu limelegea. Akiambiwa haiingii maji, asiamini. Simu yenye kioo kisafi na mgongo uliokwaruzwa ni afadhali kuliko yenye mgongo unaong'aa na kioo chenye mikwaruzo.

Yapo pia mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyafanya peke yake. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu janja mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kustahimili kuanguka mara 45 bila kuharibika utendaji wake, zipite kipimo cha mikwaruzo cha ngazi ya 4 ya Mohs, na zibebe lebo inayoonyesha daraja lake la kuhimili kuanguka. Huku kwetu mamlaka zimeshathibitisha kwamba zinaweza kuamua simu ipi itumike: Kenya ilizizima simu bandia mwaka 2012, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikafanya hivyo Juni 2016. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, kwa kushirikiana na mamlaka za mawasiliano, zidai lebo kama hiyo kwa kila simu mpya inayoingia bandarini, iandikwe kwa Kiswahili, na ibandikwe mahali mnunuzi atakapoiona kabla hajatoa fedha.